Sufuria Zilizopakwa Majivu

Mlio wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kupanda na kushuka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe na debe likafunikwa blanketi. Ulitoka kwenye stoo ya Kogo, nyanya yangu, pale anapoweka mahindi na mbolea, mchana wa jua kali, mlango umefungwa kwa ndani. Mimi nilikuwa uani nikianua nguo. Nikasimama na shuka mkononi. Mlio ukakatika, ukaanza tena, safari hii kwa haraka, kama nyuki wamechokozwa. Mpaka leo nikipita karibu na mashine ya kinyozi, shingo inanisisimka.

"Ni nini hiyo inalia kwa stoo yangu?" Kogo akauliza kutoka jikoni.

"Ni taa, Kogo."

"Taa inalia?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa ni taa, na taa zote nilizowahi kuzijua zilikuwa kimya.

Mwaka ule wakulima wa kituo chetu cha kupimia chai walikuwa na sherehe yao, na wenye kamati wakasema wamechoka na waimbaji wa kukodishwa, waletwe watu wa leza, ile mianga ya kuchora angani. Gari likaja kutoka Nakuru likiwa na fundi mmoja, dereva aliyelala karibu muda wote, na masanduku meusi yenye makufuli. Onyesho lingefanyika uwanja wa shule ya msingi, chini kidogo ya boma letu. Shule haikuwa na chumba kisichovuja, na mashine ile haitaki maji hata ya ukungu, kwa hiyo fundi akatafuta stoo kavu. Ni mimi niliyemwombea kwa Kogo. Niliomba kwa furaha, nikirukaruka, maana fundi alikuwa ameniambia anahitaji mtu wa kumsaidia anayejua nyumba zote za mteremko wetu na anayeongea Kipsigis. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama za kuniacha nyumbani, nachuma chai ya Kogo asubuhi na kuota ndoto mchana. Nikaona hii ndoto imenifuata yenyewe mpaka mlangoni.

Tena haikuwa ndoto ngeni. Jiko la Kogo limeezekwa mabati ya zamani yenye matundu ya misumari. Asubuhi jua likipenya matundu yale na kukutana na moshi wa kuni, unaona miale imesimama kutoka darini hadi sakafuni, myembamba, imenyooka, unaweza kuikata kwa mkono. Nilipokuwa mdogo niliicheza kama nyuzi za kinubi, nikiimba mwenyewe, na Kogo akinigombeza kwamba ugali unaungua. Fundi aliponieleza kwamba leza haionekani angani mpaka iwe na moshi au ukungu wa kuipokea, nikamwambia najua.

"Umejulia wapi, siste?"

"Jikoni."

Alicheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, kwao ni upande wa ziwa. Alimwita Kogo "shosho" siku ya kwanza, Kogo akamwangalia kutoka viatu hadi kofia.

"Mimi si shosho. Shosho yako ako kwenu. Mimi ni Kogo."

"Pole, Kogo."

"Haya. Kunywa chai."

Kazi yangu ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Fundi alinieleza kwamba mwale wa leza ukigonga kitu kinachong'aa unarudi na nguvu zake zote, na ukirudi kwenye jicho la mtu unaweza kuliharibu. Kwa hiyo kila kioo kinachotazama uwanja kifunikwe au kigeuzwe: madirisha, mikebe ya maziwa inayoanikwa juu ya chanja, vioo vya pikipiki, sola. Alinipa magunia na kamba. Nikaenda boma kwa boma, nikiwa nimevaa koti lake la kazi lenye mistari inayomulika, najiona kama nimeshaajiriwa milele.

Boma la kwanza lilikuwa la mama mwenye kibanda cha chapati karibu na kituo cha chai. Huyu mama ananijua tangu nikibebwa mgongoni. Nikamwomba nifunike dirisha lake na kile kioo kikubwa anachokitundika kwenye baraza.

Akaangalia juu. Mbingu ilikuwa safi, samawati, hakuna hata wingu la ukubwa wa kitambaa.

"Kwani kuna ngurumo?"

"Hapana, mama. Ni ya onyesho."

"Msichana, kioo kinafunikwa kukiwa na ngurumo. Sasa wewe unafunika jua likiwaka. Nyinyi mnajua nini kinakuja ambacho sisi hatujui?"

Hapo ndipo moyo wangu ulipofanya du! Kwa sababu alichosema ni kweli tupu. Huku kwetu radi ikianza kunguruma, kitu cha kwanza ni kioo. Unakifunika kwa leso, unageuza sufuria, unatoa hata kijiko mezani, maana radi tunaamini inafuata kinachong'aa. Kila mtoto wa mteremko ule amefundishwa hivyo kabla ya kujua kusoma. Na mimi, nikiwa na koti langu la kumulika, nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wajiandae kwa radi, bila kujua kwamba ndicho ninachosema.

Kufikia jioni habari ilikuwa imekomaa. Mzee jirani yetu, aliyefanya kazi ya kupogoa chai katika shamba kubwa la kampuni ng'ambo ya mto, alikuwa amekaa kibandani akieleza. Alikumbuka zamani, wakati mvua ya mawe ilipokuwa ikipigwa angani kwa ndege, inapasuliwa kabla ya kufika chini, kusudi chai isichanwe.

"Na hayo mawe yaliyopasuliwa yalienda wapi?" akauliza, kidole juu. "Jiulizeni. Yalienda wapi?"

"Kwa maskini," mtu akajibu, watu wakacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kifupi.

"Sasa leo hawahitaji ndege. Wanatumia taa. Hiyo taa itasukuma mawe kutoka kwa chai ya kampuni, ilete kwa yetu. Ndiyo maana wanafunika vioo. Hawataki radi iwarudie wao."

Nilitaka kucheka pia. Lakini nilijua kitu ambacho mzee hakukijua. Fundi alikuwa ameniuliza mawe huku huja kutoka upande gani. Aliniuliza mvua huanza saa ngapi. Na jana yake tukiwa uwanjani alinyoosha mkono ng'ambo akaniuliza, "Chai ya kampuni inaishia wapi? Na ya watu inaanzia wapi?" Nilimwonyesha kwa furaha, kama ninavyoonyesha kila kitu.

Nikaanza kumchunguza. Asubuhi mapema, mimi nikiwa na kikapu mgongoni nachuma, nilimwona amesimama kwenye ukingo wa chai yetu, simu sikioni, anaongea Kiluo kwa sauti ya chini huku akitazama shamba la kampuni. Akawa anapima kwa mkono: kushoto kidogo, juu kidogo, hapo. Aliponiona alikata simu. Mtu asiye na siri anakata simu ya nini? Nilimsalimia, akaniitikia, tukatabasamu wote wawili kama watu wanaouziana ng'ombe mgonjwa.

Jioni ile majirani walikuja kwa Kogo. Walikuja kwa adabu, wakasalimia "Chamgei, chamgei," wakanywa chai, wakazungumzia bei ya maziwa. Mama wa kibanda ndiye aliyesema lililowaleta.

"Kogo, hii mashine iko kwa stoo yako. Na wewe ni mtu wa mvua. Ukituambia iko sawa, tutanyamaza. Ukituambia haiko sawa, itarudi Nakuru leo."

Kogo amezaliwa katika ukoo ambao kwetu unahesabiwa kuwa na undugu na mvua. Ngurumo zikizidi, yeye huchukua shoka, hulipaka majivu ya mekoni, hulirusha nje uani na kuiambia radi, "Sis!", yaani nyamaza, hapa ni kwako, usiumize watu wako. Kogo ni mwimbaji wa kwaya ya akina mama kanisani, na pasta anajua habari ya shoka, na hajawahi kuliulizia. Mteremko mzima husikiliza shoka lile. Mvua ikitulia, asubuhi mtu huleta maziwa kidogo bila kusema ni ya nini.

Kogo aliniangalia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na koti langu, nadhani midomo wazi. Alijua nilivyoitaka ile kazi. Alijua pia kwamba chai ya kila mtu pale ilikuwa imechipua vizuri baada ya kupogolewa, majani laini, ya kupasuka kwa jiwe dogo la mvua.

"Iko sawa," akasema. "Ni taa tu. Mawe hayatashuka hapa kwa sababu ya hiyo kitu. Mimi nimesema."

Wakashukuru, wakaenda. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika sufuria ya maziwa na uso wake haukuwa wa kukumbatiwa.

"Nimesema kwa ajili yako," akaniambia. "Sijui hiyo mashine. Mawe yakishuka kesho, hawatasema ni mawe. Watasema Kogo aliuza mdomo wa ukoo wake kwa sababu ya mjukuu. Na mimi sina mdomo mwingine."

Siku ya onyesho niliamka na uamuzi. Fundi alikuwa uwanjani akifunga mashine juu ya meza ya chuma. Nikamwendea moja kwa moja.

"Fundi, niambie ukweli. Unatafuta nini upande wa kampuni?"

Akafuta mikono kwa kitambaa. Halafu akapiga simu, akaongea maneno machache, akanipa.

"Ongea na yeye."

Sauti ya mama mzee ikaniamkia kwa Kipsigis. Kipsigis cha zamani, cha kukosea hapa na pale, lakini chenye uchangamfu: chamgei, habari ya huko, mvua inanyesha? Nikajikuta nachuchumaa kwenye nyasi. Alikuwa mama yake fundi. Alichuma chai ng'ambo ile miaka yote ya ujana wake, akazaa watoto wake wote katika kambi ya wafanyakazi, halafu akarudi kwao ziwani. Nyumba aliyozalia ilikuwa karibu na mikaratusi na tangi la maji, na alikuwa akimwelekeza mwanawe kwa simu, kushoto kidogo, juu kidogo. Fundi alitaka mwale mmoja upite juu ya pale, na mama aone kwa simu.

"Na mawe bado yanaanguka?" mama akaniuliza. "Yale mawe! Mabati ya kambi yalikuwa yanalia mpaka tunaziba watoto masikio. Mwanangu mwenyewe alikuwa anaingia chini ya kitanda."

Nikamrudishia fundi simu. Alikuwa ametazama pembeni.

"Ndiyo maana niliuliza mawe," akasema. "Moja, mashine ikinyeshewa imekufa. Mbili, mimi naogopa mawe. Usiambie dereva."

Niliamini. Karibu niamini kabisa. Lakini shaka inafanana na unyevu wa huku kwetu, unaanika sweta kutwa na bado kola haikauki. Kwani mtu hawezi kuwa na mama mzuri na bado akasukuma mawe? Nilijiuliza hivyo, nikajionea aibu, nikaendelea kufunga magunia.

Jua lilipozama ukungu ulipanda kutoka mtoni kama alivyoutaka fundi. Jenereta ikawashwa. Na watu walikuja. Nilikuwa naogopa hawatakuja, kumbe udadisi ulishinda. Ila hawakushuka uwanjani palipopangwa viti. Walisimama juu, kwenye ukingo ulio kati ya uwanja na mashamba ya chai, karibu na nyumba zao, tayari kukimbia. Na kila mmoja alikuwa na kitu cha kujikinga na mawe. Mabeseni ya plastiki, ndoo. Lakini zaidi sufuria. Sufuria za kila ukubwa, hata zile za harusi za kupikia watu mia. Na kwa kuwa ilikuwa sherehe, akina mama walikuwa wamezisugua siku hiyo, kwa majivu na mchanga, mpaka zikawa kama mpya. Huku huwezi kutoka mbele za watu na sufuria chafu hata kama unaenda kupigwa na mawe.

Fundi alimulika tochi kuelekea ukingoni. Ukingo mzima nao ukammulika.

"Siste," akasema polepole. "Hawa watu wamebeba vioo kichwani."

"Si ulisema miale itapita juu ya vichwa vyao?"

"Itapita juu ya vichwa. Sufuria iko wapi?"

Nikaangalia. Sufuria zilikuwa juu ya vichwa, makalio yake yakitazama mashine.

"Siwashi," akasema. "Mwale ukigonga moja tu ya hizo unaenda kwa jicho la mtoto. Waambie waziweke chini."

Nikapanda ukingoni nikawaomba. Mama wa kibanda alikuwa mbele, na sufuria kubwa kuliko zote, ameishika kwa mikono miwili.

"Niweke chini? Ndiyo mawe yanipate?"

"Hakuna mawe, mama. Mbingu iko sawa."

"Kama hakuna mawe, mbona ulifunika kioo changu?"

"Tena anataka tuziweke chini saa hii!" mzee jirani akaongeza. Yeye alikuwa na karai. "Wamegundua tumejikinga, sasa wanatubembeleza. Kijana yako aanze kazi yake, tuone."

"Asipoanza?" nikauliza.

"Asipoanza tutajua alikamatika. Na tutajua nani alimficha."

Fundi asipowasha, Kogo amemficha mwizi wa mvua. Akiwasha, jicho la mtu. Nikageuka nimtafute Kogo, na ndipo nilipomwona anashuka njia ya nyumbani kwa gumboots zake, shoka mkono mmoja, mkono mwingine ndoo yenye majivu. Hakuwa ameambiwa chochote. Alikuja kusimamia neno lake, basi. Aliinama, akalipaka shoka majivu upande mmoja, upande wa pili. Mwanga wa tochi ya fundi ulipita juu ya lile shoka, na shoka halikujibu. Lilikuwa limefifia kama kipande cha kuni.

Nikamkimbilia, nikamnong'oneza.

"Kogo, waambie wapake sufuria majivu. Zote. Zilowe kidogo kwa ukungu ndiyo yashike."

"Kwa sababu ya mawe," akauliza, "ama kwa sababu ya mashine yako?"

Alikuwa ananiangalia machoni. Ningeweza kusema mawe. Ingechukua neno moja tu na kila mtu pale angetii.

"Kwa sababu ya mashine, Kogo. Sufuria zinang'aa. Zitaumiza watu macho."

Taya lake lilisogea kama anatafuna.

"Basi mimi sitawaambia kitu," akasema. "Mdomo wangu ni wa mvua. Sio wa umeme wa watu."

Nikafikiri yameisha. Lakini Kogo akapanda ukingoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mama wa kibanda, akamnyang'anya ile sufuria kubwa. Akachota majivu, akatema mate kiganjani, akaanza kuipaka makalio, taratibu, mduara kwa mduara, kama anayempaka mtoto mafuta. Hakusema neno. Alipomaliza alimrudishia.

"Kogo! Nimeisugua tangu asubuhi!"

Kogo akasogeza ndoo kwa mguu ikakaa katikati ya watu. Mimi nikasema kwamba ni kwa ajili ya macho, kwamba taa ikigonga kinachong'aa inarudi, kwamba sitaki mtu aumie. Sijui nani alinisikia. Nilichoona ni mikono inaingia ndooni. Mmoja, wa pili, halafu wote kwa vurugu, wanacheka, "Nipitishie!", "Umeyamaliza yote wewe!", "Hii ya kwangu ni ya harusi jamani, ipake kwa heshima!" Mtu akakimbia kuleta majivu ya kwake. Mzee jirani alipaka karai lake huku akinung'unika kwamba hajaelewa na hajakubali.

Fundi alimulika tena. Ukingo ulikuwa mweusi, umezimika.

Akawasha.

Ule mlio wa nyuki uliinuka uwanjani, na kabla watu hawajapiga kelele, mstari mmoja wa kijani ukatoka kwenye mashine ukasimama juu yetu. Niliinua mkono bila kufikiri, kama jikoni. Halafu ikawa miwili, ikawa upepeo mzima unaofunguka na kufunga, ukungu ukipita ndani yake kama maziwa yanavyopita ndani ya chai kabla hujakoroga. Sufuria zikaanza kushuka vichwani zenyewe. Watoto walipiga mayowe. Mama wa kibanda alisema "Wuuui" ya chinichini na hakuongeza. Mwale mmoja ukaachana na mingine, ukavuka mto, ukapita juu ya mikaratusi ya kampuni ukatulia pale. Fundi alikuwa ameinua simu kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akilia, nafikiri. Jenereta ilikuwa na moshi pia.

Ngurumo ya kwanza ilisikika mbali, upande wa ziwa. Ya pili haikuwa mbali. Watu hawakutazama mbingu, walimtazama Kogo. Sufuria zikarudi vichwani.

Kogo alisonga mbele ya watu, akalirusha shoka gizani kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Sis!"

Wakati huohuo fundi, ambaye alikuwa amehisi tone mkononi, akazima mashine na kuitupia turubai. Kwa hiyo mlio na mwanga vilikatika pamoja na sauti ya Kogo. Kimya kikawa kimya kweli. Kisha mvua ikaja. Mvua ya kawaida, nzito, ya maji. Tulisubiri lile pigo la kwanza la jiwe kwenye sufuria. Halikuja. Majivu yakaanza kuteremka, yakapita mapaji ya nyuso, mashavu, nguo za kanisani, na watu wakawa weupe mistari mistari, wakionyeshana vidole na kucheka mpaka wanashikana mabega. Mzee jirani alionekana kama pundamilia. Hata Kogo alicheka, akiwa ameziba mdomo kwa leso.

Gari liliondoka asubuhi na mapema. Fundi alinipa mkono, akaniambia wakipata kazi nyingine upande wa Sotik atanipigia. Alipompa Kogo mkono alimwita Kogo, vizuri, na Kogo akasema "kongoi", asante.

Tulikuwa bado tunaosha vikombe mama wa kibanda alipoingia anakimbia. Mawe yalishuka usiku. Yalishuka ng'ambo, pembeni mwa shamba la kampuni, kwenye kilima kinachotazamana na chetu, juu ya chai ya watu wadogo kama sisi. Ya kampuni hayakuigusa, wala yetu.

"Kogo!" alisema, macho yanang'aa kwa furaha. "Uliyatupa huko! Tumeona kwa macho yetu!"

Alikuwa ameleta maziwa. Sio kidogo, mkebe mzima. Na nyuma yake walikuja wengine kumsifu, na kila aliyesifu alikuwa anamchoma, nilimwona. Neno lake lilikuwa limesimama, mteremko mzima ulikuwa wake, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na watu ambao sasa, bila shaka, walikuwa wamekaa kwenye kibanda chao wakiuliza taa zile zilikuwa zinasukuma nini, na nani alirusha shoka.

Walipokwenda, Kogo hakuyafungua yale maziwa.

"Mimi niliiambia inyamaze," akasema. "Sikuiambia iende kwa mtu." Akausukuma mkebe pembeni. "Ule mstari mmoja ulienda ng'ambo. Ulikuwa unaenda kufanya nini?"

Nikamweleza habari ya mama yake fundi, nyumba ya kambi, tangi la maji. Alisikiliza yote. Alipomaliza kusikiliza aliniangalia kama nilivyokuwa nimemwangalia fundi kwenye chai, na ile ilinitoboa kuliko neno lolote. Halafu akachukua ule mkebe, akautoa nje, akamwita mtu wa pikipiki aupeleke ng'ambo, kwa boma lolote lililopigwa zaidi, na asiseme umetoka kwa nani.

Mimi nikashuka uwanjani peke yangu. Nyasi zilikuwa zimelala kwa maji, na pale meza ilipokuwa palibaki mashimo ya miguu yake. Nilitafuta muda mrefu kabla sijaliona shoka, limekita upande wa juu wa uwanja, karibu na chai. Mvua ilikuwa imelisafisha. Majivu yote yamekwenda, jua limetoka, na bapa lake lilikuwa linatupa kipande cha mwanga ng'ambo ya bonde, kinachotetemeka juu ya kile kilima, pale chai ilipokuwa imebaki vijiti. Nikapiga magoti. Sikulichomoa kwanza. Nilichota tope kwa vidole, nikalipaka, upande mmoja, na upande wa pili, mpaka kile kipande cha mwanga kikaondoka kwa wale watu.